Jumamosi za Msitu Ulioungua

Harufu ya msonobari ulioungua haifanani na harufu ya kuni. Kuni huacha harufu ya jikoni, ya chai na ya watu waliokaa pamoja. Msonobari ulioungua, ukishanyeshewa na mvua, hutoa harufu kali ya utomvu na jivu lililolowa, nayo hukaa kooni kama kitu ulichomeza kikakataa kushuka. Mwaka ule, mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili, nilikuwa na umri wa miaka kumi, na harufu hiyo ilikaa katika sare yangu ya shule, katika mablanketi na hata katika mkate wetu, kuanzia Februari hadi baridi ya Julai. Tuliishi ukingoni mwa msitu, ng'ambo ya Karen, pembezoni mwa Nairobi, katika moja ya nyumba za mbao za askari wa msitu. Baba yangu, Mutiso, alikuwa askari huko. Alikuwa mtu wa Machakos, mrefu na mpole, mwenye mazoea ya kuigusa miti anapopita kama mtu anayehesabu ng'ombe wake jioni. Mama alifanya kazi ya nyumbani kwa familia moja ya Spring Valley, alilala huko huko, na alikuja kwetu Jumapili tu. Siku sita za wiki nilikuwa na Baba peke yake, na sikuwa na hofu nyingine duniani isipokuwa kwamba siku moja angeingia msituni asitoke.

Moto ulianza Jumamosi asubuhi, wakati wa kiangazi kikali. Mpaka leo sijui aliyeuwasha. Kufikia saa sita mchana anga ya upande wa Ngong ilikuwa ya rangi ya kutu, na wanaume wa mtaa walikuwa wameingia msituni na majembe na matawi mabichi kumsaidia Baba na wenzake. Miongoni mwao alikuwa Karanja, jirani yetu, seremala aliyetengeneza vitanda na makabati kando ya barabara ya Ngong. Alikuwa na mke tuliyemwita Mama Wambui na mtoto wa miaka miwili, na ndiye rafiki pekee wa Baba niliyepata kumwona akimfanya acheke kwa sauti. Saa tisa hivi moto uligeuka na upepo, na wanaume wakatoka mbio hadi kwenye geti, weusi kwa masizi, wakikohoa. Niliwatazama mmoja mmoja. Baba hakuwamo. Mama mmoja aliyekuwa akigawa maji aliniambia nisiwe na wasiwasi, maana Baba alikuwa ameonekana akitokea upande wa juu, kwenye barabara ya lami, na angefika kwa kuzunguka. Nilimsikia vizuri. Sikumwamini, au niseme kweli, sikutaka kungoja. Nilimwendea Karanja, aliyekuwa ameinamia jerikeni ya maji, nikamvuta shati, nikamwambia Baba bado yuko ndani.

Hakuniuliza nimejuaje. Alijipangusa mdomo kwa kiganja, akanishika bega na kusema, "Kaa hapa hapa, Mwende. Usitoke." Kisha akalipita geti tena, akiinama chini ya moshi, na watu waliomwona wakadhani amesahau jembe lake. Hazikupita dakika ishirini Baba akatokea barabarani, nyusi zimeungua, anatembea kwa hatua zake zile ndefu. Nilimkimbilia nikamkumbatia kiunoni. Nilifurahi, na furaha hiyo ndiyo sijawahi kuisamehe, kwa sababu kwa muda fulani nilimsahau Karanja kabisa. Nilipomkumbuka, niliogopa kusema. Walimpata jioni, moto ulipotulia, amelala kando ya kijito, chini ya msonobari ulioanguka. Baba alikuwa mmoja wa waliombeba. Nami sikusema lolote usiku huo, wala kesho yake Mama alipokuja, wala siku ya mazishi kule Murang'a tulikokwenda na basi la kanisa.

Mtu akifa hivyo, watu hutafuta sababu. Walianza kusema kwamba Karanja alikuwa ameshatoka salama, na kwamba mtu hawezi kurudi motoni bila kuitwa. Nani angemwita kama si askari wa msitu, rafiki yake? Wengine walisema Baba alimwacha nyuma akajiokoa. Hakuna aliyemwambia usoni, lakini dukani mazungumzo yalikatika alipoingia, na kanisani benchi letu lilibaki na nafasi. Baba hakujitetea kwa kuwa hakuwa na la kusema. Yeye mwenyewe hakujua kilichomrudisha rafiki yake. Aliacha kumaliza chakula. Nilimwona akikaa mlangoni na viatu mkononi, anavipangusa masizi yaliyokwisha kutoka zamani, na kila mara nilifungua mdomo na kila mara nikaufunga. Nilijiambia nitasema kesho. Niliyasema hayo kuanzia mvua za masika zilipoanza hadi zilipokwisha.

Mwezi wa Mei mchungaji wetu alianzisha matembezi. Nadhani aliona mtaa umegawanyika na hakujua dawa nyingine. Kila Jumamosi asubuhi kundi la watu kumi na watano hivi lingepita msituni pamoja, kuangalia miche inayoota, kuondoa takataka zilizofichuliwa na moto, kisha kunywa chai. Alimwomba Baba awaongoze, kwa sababu ni yeye aliyejua miti ipi iliyokufa ingeweza kuanguka. Walikuja walimu wawili, wanakwaya, wazee wachache wenye fimbo, na karani mmoja mstaafu wa Upper Hill aliyevaa koti la suti hata kwenye matope. Mimi nilifuata kwa kuwa hapakuwa na wa kuniachia. Tulitembea katika mstari mmoja katikati ya vigogo vyeusi vilivyosimama kama nguzo za nyumba ambayo paa lake limechukuliwa. Magome yalikuwa yamepasuka, na utomvu ulitiririka ukaganda manjano. Ardhi ilikuwa laini na nyeusi, na kila hatua ilirusha tope la jivu hadi magotini. Lakini chini, ukichuchumaa, uliona miche ya misonobari, kijani kibichi, midogo kama vidole vya mtoto mchanga, maelfu kwa maelfu. Baba alitueleza kwamba matunda ya mti huu ni magumu kama mbao na hukaa juu yamefungwa miaka mingi, mpaka joto la moto liyafungue mbegu zimwagike. Watu walimsikiliza kwa adabu. Hakuna aliyemuuliza swali.

Jumamosi ya nne Mama Wambui alikuja. Alikuwa amevaa gambuti za mumewe, kubwa mno, amezijaza magazeti ndani, na zilitoa sauti ya karatasi kila alipokanyaga. Mtoto alimwacha kwa dada yake. Hakumsalimu Baba, wala Baba hakuthubutu kumsalimu. Alijiweka mwisho wa mstari, na kwa kuwa mimi pia nilikuwa mwisho, tukajikuta tunatembea pamoja. Penye shimo alininyoshea mkono. Wakati wa chai alinimegea nduma yake. Juma lililofuata akaja tena, na lile lingine. Fadhili zake zilinitesa kuliko maneno yote ya dukani. Niliombea awe mkali kwangu, walau mara moja, bila kujua kwa nini.

Julai ikaingia, na baridi yake, na manyunyu yale yasiyoonekana ambayo Nairobi huyajua. Siku hiyo njia yetu ya kawaida ilikuwa imezibwa na mti ulioanguka, na Baba akalazimika kutupitisha chini, kando ya kijito. Nilijua tunakokwenda kabla hatujafika. Alipofika kwenye uwazi mmoja mdogo alisita, akavua kofia, kisha akataka kuendelea. Mama Wambui akatoka mwisho wa mstari akaja mpaka mbele. Wengine walisimama. Karani mstaafu alianza kuangalia viatu vyake.

"Ni hapa?" Mama Wambui akauliza.

Baba akasema ni hapa.

Mama Wambui aliangalia chini. Miche ilikuwa imejaa pale kama mahali pengine popote. Kisha akasema, bila kuinua sauti, "Baba Mwende, mimi sijakuja kugombana. Alikuwa ametoka, kila mtu ameniambia alikuwa ametoka. Kitu gani ilimrudisha ndani?"

"Sijui, Mama Wambui," Baba akasema. "Naapa sijui. Mimi mwenyewe najiuliza kila siku."

Sauti yake ilivunjika mwishoni, mbele ya watu, na sikuwa nimewahi kuisikia ikivunjika. Nikasema, "Ni mimi." Nilisema kwa sauti ndogo mno, ikabidi nirudie. Nikaeleza yote: mama wa maji na alichoniambia, shati nililolivuta, maneno niliyoyasema, na kwamba nilijua Baba ametoka lakini nilitaka mtu aende kumleta. Mama Wambui alinigeukia, akachuchumaa ili macho yetu yawe sawa, akaniuliza Karanja alisema nini. Nikamwambia. Alirudia maneno hayo kwa midomo tu, bila sauti, kama anayejifunza kusoma. Nilitarajia kofi. Alisimama, akamwambia Baba, "Mpeleke mtoto nyumbani. Anatetemeka."

Baba alinishika mkono na tukatoka msituni peke yetu. Alikuwa ameushika sana, na hakuuachia mpaka mlangoni. Njia nzima alisema neno moja tu: "Ungeniambia." Hakulirudia tena maisha yake yote.

Nilidhani kufikia jioni mtaa mzima ungejua. Haikuwa hivyo. Baadaye nilielewa kwamba Mama Wambui aliwageukia wale waliokuwepo akawaomba, kwa jina la mumewe, wasiliseme jambo la mtoto huyu nje ya msitu, nao wakatii. Kwa hiyo dukani mazungumzo yaliendelea kukatika Baba alipoingia. Angeweza kujisafisha kwa sentensi moja. Hakuisema. Agosti Mama Wambui alirudi kwao Murang'a na mtoto wake, na mwisho wa mwaka Baba akaomba uhamisho. Alifariki miaka mitatu iliyopita, na hata kwenye matanga yake nilimsikia mzee mmoja wa mtaa wetu wa zamani akinong'ona kwamba huyu ndiye askari aliyemwacha mwenzake motoni.

Nilimtafuta Wambui baada ya hapo. Mama yake naye amekwisha kufa, na yeye ni mwanamke mzima, mhasibu katika jengo la vioo pale Upper Hill. Alitaka kuona mahali baba yake alipofia, kwa hiyo Jumamosi moja tuliingia msituni pamoja. Siku hizi kuna uzio na tiketi, vijana wa baiskeli hupita kwa kasi wakipiga kengele, na ile miche niliyoichuchumalia imekuwa misonobari mirefu iliyofunga anga. Sikuweza kuutambua ule uwazi. Ilibidi nikisie kwa sauti ya kijito, nikamwambia ni hapa, au karibu na hapa. Kisha nikamweleza nilichokifanya. Mama yake hakuwa amewahi kumwambia. Alikuwa amekua akiamini kwamba baba yake alifuata jembe.

Alinisikiliza hadi mwisho akiwa ameuegemea mti. Hakulia, wala hakunilaumu. Aliniuliza tu kama ningependa kumtangulia, kwa sababu alitaka kubaki kidogo. Nilikwenda nikangoja kwenye gari. Alipotoka alinipa mkono kwa heshima, akaita teksi yake mwenyewe kwa simu, na tangu siku hiyo hajanipigia. Simlaumu. Nilipokuwa na miaka kumi watu wazima wawili walibeba kosa langu ili nipate kukua, na sikujua uzito wake kwa sababu sikuwa nimeushika. Siku hiyo niliendesha gari kurudi mjini peke yangu, kwenye foleni ya barabara ya Ngong, na kwa mara ya kwanza hapakuwa na mtu yeyote aliyenishika mkono.