Majani Katika Kisima cha Buchuma

Baba yangu aliitwa Mwadime, mzaliwa wa Mbololo. Mama yangu aliitwa Mkamburi, mzaliwa wa vilima vilivyo juu ya Mwatate. Mimi, Wakesho, nilizaliwa katika baridi ya Mbololo, lakini harufu ya utoto wangu ni ya tambarare ya Buchuma: harufu ya jiwe lililopasuliwa, inayofanana na ya chungu kikavu kilichomwagiwa maji. Harufu hiyo ndiyo iliyotudanganya kwanza.

Tulishuka huko kutafuta shamba, kwa kuwa mlimani ardhi ilikuwa imekwisha kugawanywa. Mvua ikakosa, kisha ikakosa tena. Ng'ombe wakafa, majirani wakafunga mizigo, na baba akaanza kuchimba kisima katika korongo kavu nyuma ya boma. Mama alitaka turudi mlimani upesi, maana mdogo wangu Mwakio alikuwa bado ananyonya, na maziwa yalikuwa yakikauka. Baba alikuwa karibu kukubali. Ndipo mtaimbo wake ukapasua bamba la jiwe, na ndani yake mlikuwa na majani: meusi, membamba, yenye mishipa, yamelala kana kwamba yalianguka jana.

Kwetu mchimba kisima husoma mimea. Penye mkuyu huchimba; penye miiba mitupu hupita. Baba akapanda juu na lile jiwe mikononi, akicheka.

"Mama Wakesho, wewe umewahi kuona jani lililomea bila maji?"

"Baba Wakesho, wape mbuzi hayo majani yako. Wakila, nitabaki."

"Subiri tu. Maji yako chini yake."

"Na mtoto nimwambie asubiri?"

Baba alirudi shimoni. Kila bamba lilitoa majani zaidi, na kila jani lilimzuia kuondoka. Mama alilowesha kitambaa kwa maji ya matope aliyoyafuata mbali, akamkamulia Mwakio mdomoni. Asubuhi moja mtoto hakufungua mdomo.

Tulipopanda mlimani, mama alilifunga lile bamba la kwanza mgongoni, kwa leso aliyombebea Mwakio. Aliliweka kando ya jiko, na baba akalitazama hadi alipokufa.

Sasa wewe, Mghoi, mjukuu wangu unayeandika haya, unasomea mawe ya namna hiyo chuoni. Umenieleza kwamba mimea ilipotoka majini zamani za kale ililazimika kujitengenezea ngozi ya kuzuia maji yasiitoroke, na mishipa ya kuyapandisha shinani, na kwamba majani yetu ni vitukuu vya mimea hiyo. Umesema ilichukua muda usiohesabika kuizoea nchi kavu. Sisi tulitaka kuizoea kwa msimu mmoja. Umesema pia kwamba Buchuma palikuwa na maji tele majani hayo yalipoanguka. Kumbe baba aliyasoma sawasawa. Maji yalikuwapo, ni sisi tuliochelewa.

Leo hapa Voi ninapoishi kuna mifereji ya maji ya bomba, ingawa mara nyingi hutoa upepo, nami bado husimama nikiusikiliza.

Jiwe nimekupa. Lisome utakavyo, lakini usilikate upande wenye alama ya mtaimbo. Leso iweke pamoja nalo, wala usiifue. Na wakubwa wako wakikuuliza ni nini kilichopatikana Buchuma, yataje majani kwa majina yake yote, kisha umtaje Mwakio.