Seva Niliyoipa Jembe Kabla ya Siku ya Tatu

Nakumbuka siku moja ya theluji, mwanangu, nilipojiona fundi kuliko mafundi wote wa Toronto. Nakusimulia kwa sababu jana nilikuuliza habari za seva mpya, hiyo mashine ya kurushia kurasa mtandaoni, uliyofunga hapo msikitini, ukanijibu, "It's working, Auntie," yaani inafanya kazi, macho yako yakiwa kwenye simu. Jibu hilo limenichosha. Nililitoa mimi kabla hujazaliwa.

Ndiyo kwanza nilikuwa nimemaliza chuo. Jumuiya yetu ya Thorncliffe Park ilitaka ukurasa wa mtandaoni wa kutangazia misiba, badala ya akina mama kupigiana simu, huyu akimwambia yule. Nikafunga seva, nikaiwasha, ukurasa wa kukaribisha ukatokea. Basi, nikawaambia akina mama wapumzike. Mwongozo sikuufungua. Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Mimi mgeni wangu, hiyo seva, nilimpa jembe hata viatu hajavua.

Sikujua kwamba seva niliyoiwasha kwa mkono, ndani ya dirisha langu la kompyuta, hufa dirisha hilo likifungwa. Wiki nzima nililiacha wazi, mambo yakaenda. Asubuhi aliyofariki Bi Sakina, mama mmoja wa jumuiya yetu aliyekuwa mgonjwa, niliweka tangazo, nikalisoma, nikafunga kila kitu kwa adabu zote, nikaenda kazini. Seva ikafa palepale.

Bi Sakina alikuwa na shoga yake, Bi Zubeda wa Pickering, mji wa jirani. Walikua pamoja Tanga, na waliahidiana kwamba atakayetangulia, mwenzake atamwosha. Bi Zubeda alijua mgonjwa yu hoi, akawa anaufungua ule ukurasa kila saa. Haufunguki. Akadhani mtandao wa kwake ndio mbovu. Habari zilipomfikia, kaburi lilikuwa limeshafukiwa.

Kesho yake alinijia. Nilitegemea ukali, sikuupata.

"Binti yangu, hiyo mashine uliiuliza nini kabla hujaikabidhi misiba yetu?"

"Sikuiuliza kitu, Bi Zubeda."

"Sasa mimi nitamwosha nani?"

Niliona aibu, mwanangu, na bado naiona.

Kwa hiyo weka simu chini unisikilize, maana sitarudia. Soma mwongozo, hata kama unakuchosha. Badilisha neno la siri lililokuja na seva. Ujue inaandika wapi makosa yake, na uyasome, maana yenyewe husema, ila sisi hatusikilizi. Kisha zima kompyuta nzima kwa makusudi, uiwashe, ukae mbali uone kama seva itaamka bila mkono wako. Ikigoma, heri igome leo wakati hakuna aliyefiwa. Na akina mama wa simu usiwastaafishe. Niliwarudia mimi mwenyewe kuwaomba radhi.

Mungu akupe subira niliyoikosa, aibariki kazi ya mikono yako, na akuepushe na swali la Bi Zubeda.