Kilimi cha Mdogo Wangu

Jumapili iliyopita nilikuwa jikoni nachambua ndagala, dagaa wetu wa ziwani, mwanangu akanijia na kioo mkononi. "Mama, njoo unishikie tochi." Kesho yake alikuwa na mtihani wa biolojia, akataka kuona koo lake mwenyewe. Mdogo wangu wa kike alikuwa amekaa mlangoni anakunywa chai. Akacheka kwa ile sauti yake ya puani, akapanua mdomo: "Njoo uangalie kwangu. Ulimi utaona, koo utaona. Kilimi apana, mi sina." Sinia likaniponyoka, ndagala zikamwagika chini.

Ngoja nikuambie, rafiki yangu, maana haya sijamwambia mtu.

Tulikulia mtaa wa Cibitoke, sisi na mama yetu, nyumbani kwa bibi, nyuma ya mafundi wa kuchomelea vyuma. Asubuhi ilinukia makaa na mandazi ya jirani, na nyundo zilianza kabla hatujanawa uso. Bibi alikuwa mkata vilimi. Mtoto akikohoa wiki nzima, akikataa kula, watu walisema kile kinyama kinachoning'inia kooni kimerefuka, mpelekeni kwa bibi. Akina mama walikuja hata kutoka Kajaga, mtoto mgongoni, samaki mkononi kama asante. Bibi alichemsha kijiti chake chenye ncha ya waya, akasema bismillahi, na kufumba na kufumbua, kimekatika. Kazi yangu ilikuwa kijiko: nakandamiza ulimi wa mtoto ili bibi aone. Nilijivuna, we! Shuleni waliniita daktari.

Basi mwaka wa pili wa sekondari tukafika kwenye koo. Mwalimu wa biolojia alichora kinywa ubaoni, na katikati kilimi. Darasa zima likanigeukia. Akaeleza kwamba tunapomeza, kilimi na kaakaa laini huinuka, njia ya pua hufungwa, chakula kisipande puani. Na tunapozungumza, husaidia sauti itoke vizuri mdomoni. Halafu akaweka chaki chini. "Kikohozi hakitoki hapa. Mukikata, mutoto anaweza kutoka damu mpaka afe. Mumupeleke kwa daktari." Niliandika neno kwa neno, nikapiga mstari kwa wino mwekundu.

Ilikuwa Ijumaa. Nyumbani nikamkuta mdogo wangu, miaka minne, anakohoa. Jamani, yule mtoto alikuwa na sauti! Akiimba uani, mafundi walizima mashine wamsikilize. Bibi akamwangalia koo, akasema, "Kesho asubuhi tutakikata."

Daftari lilikuwa mkobani mwangu. Nilijua. Lakini nitamwambiaje bibi aliyenilea kwamba hajui? Yeye mwenyewe alizoea kutuambia sikio halipiti kichwa. Hiyo ndiyo sababu niliyojipa miaka yote. Ukweli wenyewe ni mdogo na mbaya zaidi: sikutaka kupoteza kijiko changu. Nilipenda kuitwa daktari.

Asubuhi bibi akaniita, "Leta kijiko." Nikaleta. Mdogo wangu alifunga mdomo kabisa, bibi akambembeleza, wapi. Mtoto akanitazama mimi. Nikamwambia, "Panua tu, haiumi." Akapanua.

Damu haikukoma. Jirani yetu akamkimbiza hospitali kwa pikipiki, mama nyuma amempakata. Bibi alibaki uani na kitenge kilicholowa, anarudia, "Nimekosa wapi? Miaka yote hii, nimekosa wapi?" Jibu nilikuwa nalo. Nikaenda kuosha kijiko.

Mdogo wangu alipona, alhamdulillahi, na kikohozi chenyewe hospitali walikitibu kwa dawa ya chupa. Ila sauti ilirudi inapitia puani. Akinywa maziwa huku anacheka, yanamtokea puani, watoto wa mtaa wanamzomea. Hakuimba tena. Bibi alitupa kijiti chake, na alikufa akiamini kosa lote ni lake.

Mafundi wale wamehama, uani pamejengwa duka la simu. Zile nyimbo nazitafuta kichwani sizipati, hata moja. Nakumbuka tu mashine zilivyonyamaza.

Sasa Jumapili ile, mwanangu alizima tochi akamuuliza, "Nani alikukata?"

"Bibi yetu," mdogo wangu akasema, bila kinyongo kabisa. "Maskini, hakujua. Wakati ule kwetu hapakuwa hata mutu moja mwenye kujua."

Nikainama, nikaendelea kuokota ndagala.