Baba Yangu na Mizinga Mitupu

Wiki iliyopita mjukuu wangu aliniletea asali ya sokoni, imetiwa kwenye chupa ya maji. Nikachovya kidole, nikalamba, nikamrudishia chupa yake.

"Bibi, si nzuri?"

"Hii ni sukari, mjukuu wangu. Imepikwa na mtu mvivu."

Alicheka mpaka akakaa chini. Mimi sikucheka. Ulimi wangu ulikuwa umeshakwenda zamani kumtafuta baba.

Wewe hukumjua baba yangu, na hiyo ni hasara yako. Alikuwa mrefu, mweusi wa kung'aa, ananuka moshi masika na kiangazi. Nyumba yetu ilikuwa tembe, paa lake bapa la udongo, na baba hakulala ndani ila mvua inyeshe. Alipanda juu ya paa, kando ya uwele uliokuwa unakauka, na sisi watoto nyuma yake kama vifaranga, tunagombania nani alale karibu na mgongo wake. Mama alibaki chini anafoka: "Hivi nimeolewa na mtu au na mwewe?"

Shamba alilima, mbuzi alifuga, lakini moyo wake ulikuwa porini kwenye mizinga ya nyuki. Aliichonga mwenyewe kwa magogo, akaitundika juu ya miti, mbali, mwendo wa kuchosha miguu. Wanaume wengine walikwenda na wana wao wa kiume tu. Baba alimchukua yeyote aliyemaliza kazi yake. Basi mimi niliwahi kuamka kabla ya jogoo, nikatwanga, nikateka maji, nikafagia zizi, ilimradi nisiachwe. Njiani tulikula furu, yale matunda ya porini, mpaka midomo ikawa myeusi. Tukifika kwenye mzinga, baba alipanda, akaweka sikio kwenye gogo, akatutangazia kutoka juu: "Kuna watu nyumbani!" au, "Hakuna mtu." Na kabla hatujalamba sisi, kipande cha sega kiliwekwa juu ya jiwe kwa ajili ya mlembe, yule ndege mdogo anayewaita watu kwenye asali. Baba alisema aliyekuonyesha chakula usimwache na njaa.

Jirani yetu, mwanamke mwenye ulimi kama kisu cha kuchinjia, alimsimamisha siku moja. "Unamfundisha msichana kupanda miti! Nani atamwoa huyu?"

"Atakayeweza kupanda kumfuata," baba akajibu.

Aliyenioa alikuwa anaogopa hata ngazi. Lakini hayo ni mengine.

Ikaja ile miaka ya kuhamia vijiji vya ujamaa. Tukaambiwa tuache tembe zetu, tukakae pamoja kando ya barabara, nyumba zimepangwa mistari. Kijiji kipya kilikuwa upande mwingine kabisa, pori la baba limeachwa mgongoni. Watu wakasema waziwazi: huyu hahami, itahama mizigo yake. Hata mimi niliamini. Nilimwona anavyotafuna ugali bila kuumeza.

Siku lori lilipofika, baba hayupo. Ametoka alfajiri na shoka na kamba, hajaaga mtu. Mama akapakia kinu, vyungu, kuku waliofungwa miguu, na sisi juu ya vyote. Jirani akapaza sauti ndani ya lori: "Pole mwenzangu, mumeo ameoa nyuki! Sijui mahari atalipa nini!" Lori zima likacheka. Mama akafunga kanga yake upya, akatazama mbele. Mimi nililia mpaka kamasi zikashikana na vumbi.

Kijijini tulionyeshwa kiwanja kitupu. Mama akaanza kuchimba mashimo ya nguzo mwenyewe. Nikamuuliza, "Mama, baba atakuja?"

"Shika jembe," akasema.

Tulikuwa bado tunachimba siku watu walipoanza kukimbia ovyo barabarani. Ni baba anakuja, uso umevimba, begani amebeba mti wa kuchukulia mizigo, na kwenye kila ncha yake unaning'inia mzinga.

"Msikimbie, ni mitupu!"

Mwenyekiti akamuuliza, "Ndugu, nyuki wako umewaacha wapi?"

"Kwao. Yenye nyuki nimeiacha juu."

Mama hakumsalimu. Alisimama na jembe mkononi. "Na wewe umefuata nini huku?"

Baba akatua mzigo taratibu. "Mama watoto, nyuki ana mabawa. Akinitaka, atanifuata. Hawa wako wana miguu mifupi."

Mama akageuka, akampa mgongo. Kisha akamnyooshea jembe. "Shimo lile ni fupi. Chimba."

Jioni, kwa huu mdomo wangu, nikamsimulia baba maneno ya jirani. Akachukua kibuyu cha asali alichokuja nacho, akamjazia yule jirani bakuli la kwanza. "Jirani, mahari yenyewe ndiyo hii. Onja." Akaonja. Ndiyo siku ya kwanza nilimwona ananyamaza.

Mizinga ile aliitundika pembeni mwa kijiji. Kila asubuhi alikwenda, akaweka sikio, akarudi. "Hakuna mtu." Tukalima, tukavuna. Hakuna mtu. Mama akaacha kumtania, ujue hali ilikuwa mbaya. Kisha mvua nyingine zikaja, na asubuhi moja baba akaja mbio, mtu mzima yule, akamshika mama mkono mbele za watu, akamvuta mpaka chini ya mti. Mama akatega sikio.

"Mbona wanafoka?"

"Ndiyo," baba akasema, "kuna watu nyumbani."

Sasa miti ile imekuwa mkaa. Tembe zimekwisha, tumeezeka bati, na juu ya bati halali mtu. Mlembe sijamsikia miaka mingi. Mzinga mmoja wa baba ninao hapa Unyambwa, nyuma ya jiko; mjukuu alitaka kuupasua kuni, nikamwambia apasue kitanda changu kwanza. Juzi niliinama, nikaweka sikio kwenye gogo lile. Kumbe kuku anaatamia humo. Akanidonoa vizuri sana.

Sikumfukuza. Kuna mtu nyumbani.