Mashimo Matatu ya Misunkumilo

Katikati ya miaka ya tisini nilikuwa bwana afya mjini Mpanda, na trekta la taka lilikuwa bovu. Lilisimama uani mwa halmashauri bila tairi za mbele, kuku wakitagia chini yake. Taka za soko la Kashaulili zilisukumwa kwa mkokoteni hadi dampo, pembeni mwa mtaa wa Misunkumilo, na huko zilioza zenyewe au zilichomwa. Moshi wake uliingia kwenye nguo zilizoanikwa, hadi kwenye ugali.

Mwaka mmoja nilipelekwa Tabora kwenye semina. Mkufunzi alituambia jambo ambalo sikuwahi kulisikia: taka zikirundikana zikaoza bila hewa, hutoa gesi inayopanda angani na kuzuia joto la dunia lisitoke. Kuzichoma nako kuna madhara yake. Akatufundisha kutenga maganda na majani, kuyafanya mboji, na kuyageuza kila mara yapate hewa. Wenzangu walisinzia. Mimi niliandika kila neno, na kwenye treni ya kurudi niliyasoma yale maandishi mpaka macho yakauma.

Mkuu wangu wa kazi alinisikiliza nilipomweleza habari ya kuchimba mashimo ya mboji, akasema, "Chimba. Ila usiniombe kitu."

Aliyenisaidia alikuwa mama mmoja muuza kabichi sokoni, mtu wa Katumba, kwenye makazi ya wakimbizi, aliyetoka Burundi akiwa bado msichana. Watu wengine walimwita mkimbizi mbele ya macho yake. Nilipomweleza habari ya mboji alicheka.

"Nyie mmekwenda Tabora kufundishwa hilo? Kwetu ganda la ndizi halitupwi, Bwana Afya. Linarudi kwenye mgomba."

Tulichimba mashimo matatu kando ya dampo. Yeye alipita meza kwa meza sokoni na gunia, akibembeleza wenzake wamwekee maganda peke yake. Kila baada ya siku chache tuligeuza kwa beleshi, mvuke ukitupanda usoni. Baada ya miezi kadhaa shimo la kwanza lilitoa udongo mweusi, mwepesi, usionuka chochote kibaya. Alibeba mzigo wa kwanza kichwani hadi kwenye bustani yake. Kabichi alizoleta msimu ule nilizibeba kwa mikono miwili. Siku hizo nililala vizuri. Niliamini mji mzima ungeweza kubadilika.

Lakini mifuko ya plastiki, ile tuliyoiita rambo, ilikuwa imeanza kujaa sokoni. Wafanyabiashara walifunga maganda ndani yake, wakakaza fundo, wakatupa. Tuliifungua mmoja mmoja kwa mikono. Kisha mama akaenda kwenye msiba wa dada yake, na wiki hiyohiyo mimi nikatumwa kijiji cha Kapalamsenga, ambako watu walikuwa wanaharisha. Tuliwaachia mashimo watu wa mkokoteni. Wakamwaga humo kila kitu, mifuko na mafundo yake.

Niliporudi, nilimkuta mzee wa Kisukuma amekaa kwenye ngazi ya ofisi, karai mbele yake. Ng'ombe wake walikuwa wameingia kwenye mashimo. Mmoja alivimba, akakataa majani, akachinjwa kabla hajafa. Mzee aliinua kitu kutoka kwenye karai, bonge la plastiki lililosokotana, kubwa kuliko kichwa cha mtoto.

"Hiki kilikuwa tumboni," alisema. "Mlifunga chakula ndani yake. Ng'ombe anajua harufu ya chakula, hajui mfuko."

"Pole sana, mzee."

"Huyo ndiye aliyekuwa akiwapa maziwa wajukuu zangu."

Hakupaza sauti. Laiti angenitukana.

Mkuu wangu alitoka, akaliangalia karai, akaniambia, "Choma yote, kisha fukia. Leo hii."

"Mkuu, nipe mtu mmoja tu wa kutenga. Tukichoma tunarudi kulekule."

"Ng'ombe wa pili akifa utamjibu nani? Ukiona vigumu, kazi hii nitampa mwingine."

Nilikuwa na mke na watoto wanne. Nilichukua dumu la mafuta ya taa nikaenda Misunkumilo, nikamwaga kwa mkono wangu, nikawasha.

Mama alitokea moto ukiwa umeshika. Alikuwa amerudi msibani asubuhi ile, kichwa kimenyolewa, beleshi begani. Alikuja kugeuza.

Alisimama kando yangu. Halafu akauliza taratibu, "Si ungenisubiri hata nitoe mboji ya chini? Ilikuwa imeshaiva."

Aliondoka bila kuniaga.

Mboji haiwaki kwa miali. Ina unyevu mno. Ilifukuta chini kwa chini karibu mwezi mzima, hata baada ya kufukiwa. Asubuhi moshi ulilala chini juu ya nyumba, na akina mama walileta watoto zahanati wakikohoa. Waliniuliza, Bwana Afya, moshi huu utaisha lini? Niliwaambia utaisha. Ulipoisha, dampo likapanuka likafunika mahali palipokuwa na mashimo, na moto mwingine ukawashwa na watu wengine.

Yale maandishi ya semina niliyaacha kabatini, mchwa wakayala. Sikumwomba mkuu chochote tena, na nilipoona mfuko wa rambo njiani niliuruka kama kila mtu. Mama aliendelea kuuza, kabichi zake sasa ndogo. Nikipita alinisalimia kwa heshima, akauliza watoto, akauliza nyumbani. Mashimo hakuyataja. Nilinunua mbili, nikaenda zangu.