Siku Leso Zilipofuliwa

Watu wakizungumzia kituo cha watoto tulichokuwa nacho Mbotela, humtaja rafiki yangu. Mimi hunikumbuka kama yule mwingine. Naomba niseme mapema nisije nikajifanya mtu mwema: nilimwonea wivu, tena nilimwonea wivu nikila naye sahani moja.

Tulikulia nyumba zinazotazamana. Mama zetu wote walitoka upande wa magharibi, na wote waliimba kwaya moja. Lakini mimi ndiye niliyeanza kulea watoto. Nilikuwa nimemaliza shule, kazi sipati, na jirani yetu aliyeuza mitumba akaniachia mtoto wake wa miezi saba. Mtoto yule alilia siku tatu. Siku ya nne nilimwomba mama yake aniachie leso aliyojifunga usiku, na asiifue. Nilimlaza mtoto juu yake, akalala mpaka saa saba mchana. Tangu siku hiyo ikawa ndiyo kanuni yangu. Kila Jumatatu mama alileta leso aliyolalia, ikakaa nasi wiki nzima na jasho lake, maziwa yake na moshi wa jiko lake. Zilinuka, sikatai, ila watoto walilala.

Yeye alikuja kunisaidia kwa sababu alichoka kukaa bure. Haikuchukua miezi mitatu, tayari alikuwa amekusanya wasichana sita, amewashonea fulana za rangi ya chungwa, na jambo zima analiita harakati. Mimi nilikuwa naliita kulea watoto. Aliwafuata akina mama wanaofanya vibarua viwandani, akaenda kwa chifu, akawaita wasichana wa Kayole na Eastleigh waje wajifunze wakaanzishe vituo vyao. Alijaliwa mdomo. Akisimama mbele ya watu, hata mimi nilisahau kwamba kisa anachosimulia ni changu.

Kuna video yake ilizunguka sana kwenye simu za watu. Ameinua leso, anaeleza kwamba mtoto akilala juu ya leso ya mama yake hujiona yuko nyumbani. Habari ya kutoifua aliiruka, kama alivyoiruka kila mara mbele ya wageni, maana ilikuwa ikiwakunja nyuso. Hakusema leso ni wazo lake. Hakusema pia ni la nani. Mama yangu mwenyewe aliitazama mara mbili, akasema, "Huyu msichana ana akili sana." Nilikuwa nimesimama nyuma yake na beseni la nepi. Roho iliniuma, na chakula cha jioni kikanishinda.

Kisha mwenye chumba tulichopanga akakitaka chumba chake. Alitupa mpaka mwisho wa mwezi, na tulikuwa na watoto ishirini na mmoja. Mahali pekee palipobaki ni ukumbi wa kanisa, ambao hukaa mtupu siku za wiki. Kamati ya kanisa haikukataa. Ilisema tu kwamba chumba cha pembeni yake ni cha maombi na vikao vya matanga, kwa hiyo kelele hawataki. Rafiki yangu akawaalika waje kituoni Alhamisi saa tano, watoto wakiwa wamelala. "Mtafikiri hakuna mtu ndani," aliwaambia. Tukiukosa ukumbi ule, tunafunga, na wale akina mama wabaki nyumbani na watoto wao.

Jumatano alikwenda Eastleigh kufundisha. Mchana nilikuwa jikoni peke yangu napoza uji, nikasikia maji uani. Nikachungulia dirishani. Wasichana wa fulana walikuwa wamezizamisha leso zote kwenye karai la povu.

"Wazee wa kanisa wakuje wanuse hizi vitu?" mmoja alikuwa akisema. "Si tutaaibika jamani."

Ningeweza kuwazuia. Hata baada ya zile leso kuanikwa bado ningeweza kuliokoa jambo, maana jioni akina mama walikuja kuchukua watoto, na ningewaambia tu wazibebe wakalale nazo. Nilimfikiria rafiki yangu na ile video yake. Nikasema moyoni, acha kesho ajue hapa tunasimama kwa akili ya nani. Nikawaaga akina mama mmoja mmoja, vizuri sana.

Alhamisi kamati ilifika, watu wanne. Watoto walikuwa wamelazwa juu ya leso zinazonukia sabuni. Wa kwanza aliisugua pua kwenye yake, akageuka upande wa pili, akageuka tena, akaanza kulia. Aliyelala pembeni yake akaitikia. Muda si muda chumba kizima kilikuwa kinalia, wasichana wanakimbizana, na rafiki yangu amebeba wawili, jasho linamtoka.

"Si ulituambia wanalala?" mzee mmoja alimwuliza.

Akanitazama. Hakuwa amekasirika. Alinitazama kama mtu aliyeona msaada umefika. "Ulizeni huyu," akasema. "Hii maneno ya leso ni yake tangu mwanzo. Mimi nimeibeba tu."

Nilikuwa nimeyasubiri maneno hayo zaidi ya mwaka, na kila mtu mle ndani alikuwa ananitazama mimi.

"Zimefuliwa," nikasema. "Harufu ya mama imeisha."

"Nani aliruhusu zifuliwe?" mama mmoja wa kamati akauliza.

Nilitazama sakafu. Wasichana walikuwa wameganda mlangoni. Rafiki yangu aliwaangalia, akaelewa, akasema, "Ni mimi, mama." Wakati zinafuliwa alikuwa Eastleigh. Aliwakinga wasichana wake, na bila kujua akanikinga na mimi.

Jumapili tuliambiwa ukumbi utabaki wa kwaya. Mwisho wa mwezi tulifunga. Akina mama walimlaumu yeye, wengine kwa maneno makali, na yule jirani wa mitumba akamwambia kwamba kibanda chake sasa kimechukuliwa na mwingine. Alisikiliza yote akiwa amesimama. Nilikuwa karibu naye, na hata hapo nilimwonea wivu, kwa namna alivyojua kusimama.

Siku ya kutoa magodoro tulibaki wawili. Aliketi juu ya godoro la mwisho, akanivuta nikae karibu yake.

"Nisamehe," akasema. "Kitu yako wasichana wangu wameiharibu. Ningewafundisha poa, haingefika hapa."

Alikuwa analia. Nilimshika bega, nikamwambia nimemsamehe.