Mmea wa Maji ya Udhu

Mama mkwe wangu alikuwa ameshanihukumu: mkono wangu ni wa moto, huunguza kila mmea. Tangu niolewe, mimea mitatu ilikuwa imekufia sebuleni kwetu Nyakabanda, na kila mteja aliyekuja kuchukua nguo zake alisimuliwa habari za marehemu hao. Mimi ni fundi cherehani, mkono ndio jina langu. Neno lile liliniuma, sifichi.

Asubuhi moja nikapanda pikipiki hadi kwa muuza maua wa kando ya barabara, karibu na makutano ya Sonatubes, nimeapa kurudi na mmea usiokufa. Alinitolea miwili. Wa kwanza majani yake yalisimama wima, mazito, yenye ncha kama upanga. Wa pili ulikuwa wa kutambaa, majani yake umbo la moyo, yana madoa ya njano.

"Hii ya kusimama iko nguvu sana," aliniambia. "Unaweka kwa kona, unasahau. Hata mwezi muzima bila maji."

Nilishaukumbatia ule wa upanga, bei tumekubaliana, ndipo akauliza, "Lakini mama, kwako nani iko namwagilia?"

"Mimi. Kila Jumamosi."

"Peke yako?"

Nilikaribia kusema ndiyo, nikakumbuka. Mama mkwe hutawadha mara tano kwa siku, na maji yanayobaki kwenye birika hayamwagi ovyo. Kwake huo ni ufujaji. Huyamimina kwenye chungu cha maua kilicho mlangoni mwa sebule. Mara tano kwa siku! Marehemu wangu hawakuungua, walizama. Nilicheka mpaka yule bwana akarudi nyuma hatua moja.

Nilipomweleza, akaninyang'anya mmea wa upanga. "Hii maji mingi itahalibu. Chukua ya kutambaa. Unakata tawi, unatia kwa chupa ya maji, bila udongo. Iko naishi hivyo."

Njia nzima nilikuwa na hamu ya kumweleza mama mkwe nani aliyeua, tena mbele ya wateja, kama alivyonifanyia mimi. Lakini mkwe haumbuliwi. Nikaweka tawi ndani ya chupa ya kioo palepale mlangoni, nikarudi kwenye cherehani yangu.

Maji ya birika yakaingia, ya zamani yakafurika sakafuni, naye mama mkwe akayafuta mwenyewe. Mizizi ikatoka, myeupe. Jani likaja, lingine likafuata, mpaka mmea ukapanda pazia na kuzunguka dirisha lote. Wateja wakawa wanauangalia kabla hata ya kujaribu nguo. Nilitembea humo ndani kifua mbele, nakiri.

Kisha wifi yangu, anayefanya kazi za nyumbani Nyarutarama kwenye majumba yenye bustani kubwakubwa, akaja kuomba tawi. Wakati anainua kisu cha jikoni, mama mkwe akamshika mkono.

"Acha wewe," alimwambia binti yake. "Akate mwenyewe. Mmea hushika kwa mkono uliouotesha."

Sebule ilikuwa imejaa wateja, na wote walisikia. Nikaenda kuchukua mkasi wangu wa vitambaa, ule ambao hata mume wangu haruhusiwi kuugusa, nikamkatia wifi yangu matawi matatu.